Erasmus wa Rotterdam: mwoga, au tunamwonea?

Mleta mada: Wakuu, kila yakitajwa Matengenezo ya Kanisa (mgawanyiko wa Wakatoliki na Waprotestanti karne ya 16), Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeuanzisha, ndiye shujaa (au mwasi, inategemea unasali wapi), na Erasmus, msomi Mholanzi wa wakati huohuo, ni yule vuguvugu aliyejificha nyuma ya vitabu. Mimi nakataa. Mwaka 1516 alichapisha huko Basel, Uswisi, Agano Jipya la Kigiriki pamoja na tafsiri yake ya Kilatini, wakati Kanisa la Magharibi lilikuwa limeitegemea Vulgata, Biblia ya Kilatini ya zamani, kwa karne nyingi. Katika dibaji akatamani mkulima ayaimbe Maandiko akilima, na mfumaji akifuma. Kuwaambia wanateolojia wa enzi ile kwamba Biblia yao ina makosa ya tafsiri kulikuwa kutafuta ugomvi. Toleo lake la pili, la 1519, ndilo Luther alilolitumia kupata Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522.

Kisha mwaka 1524 akampinga Luther huyohuyo juu ya hiari ya mwanadamu. Luther alijibu kwa matusi mengi, lakini akakiri kwamba Erasmus peke yake ndiye aliyeshika kiini cha ugomvi, badala ya kuhangaika na upapa na toharani. Mwoga gani huyo?

Mchangiaji wa kwanza: Umeruka mambo, mkuu. Ulrich von Hutten, mwandishi Mjerumani aliyemuunga mkono Luther, alifika Basel mgonjwa na mkimbizi, Erasmus akakwepa kuonana naye. Halafu 1 Yohana 5:7. Maneno ya "Baba, Neno na Roho Mtakatifu", yaliyotumika kuthibitisha Utatu, hayakuwemo katika matoleo yake mawili ya kwanza, maana hakuyakuta katika nakala za Kigiriki alizokuwa nazo. Kelele zilipozidi, toleo la 1522 akayaingiza, na akasema wazi ni ili wasipate pa kumsingizia. Huo ni usomi, au ni kulinda shingo?

Mleta mada: La Hutten silitetei. La Yohana lina maelezo: ilitokea nakala moja ya Kigiriki Uingereza yenye maneno hayo, akayaweka, na bado katika maelezo yake akaitilia shaka nakala yenyewe. Angekuwa mtu wa kujipendekeza angenyamaza. Tena angalia alivyopigwa kotekote. Basel ilipogeuka ya Kiprotestanti mwaka 1529, akahamia Freiburg, mji wa Kikatoliki. Mwaka 1559, yeye akiwa marehemu tayari, Papa Paulo IV akapiga marufuku vitabu vyake vyote. Anayetafuta usalama hachagui njia hiyo.

Mchangiaji wa pili: Kupigwa kotekote si ushahidi wa ujasiri, hata kigeugeu hupigwa kotekote. Rafiki yake Thomas More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kiapo cha mfalme wa Uingereza, Henry VIII. Erasmus alifia kitandani mwaka uliofuata. Na mwaka 1521 aliandika katika barua kwamba si kila mtu ana nguvu za kufa shahidi, na kwamba machafuko yakizuka anahofia atafanya kama Petro aliyemkana Yesu. Mwenyewe kakiri, mleta mada. Wewe unamtetea kwa lipi?