Mjadala: Klabu za mjini katika Ligi ya Ovens and Murray (kandanda ya Kiaustralia, mpakani mwa Victoria na New South Wales) ziunganishwe?

Ng'ambo ya Murray: Wadau, Corowa-Rutherglen walishindwa kupeleka timu ya wakubwa msimu wa 2023, wakarudi 2024. Ligi ina klabu 10. Albury kuna tatu ukihesabu North Albury na Lavington, Wodonga mbili, Wangaratta mbili. Kila klabu inahitaji watu 22 wa timu kubwa, kikosi cha akiba na cha chini ya miaka 18. Hao ni zaidi ya 60 kila wikiendi. Ziunganisheni za mjini, ili miji midogo kama Corowa na Myrtleford ipate wachezaji.

Kipenga: Corowa na Rutherglen zilishaungana tangu 1979, na watu wakapungua vilevile. Ukifuta klabu moja Wodonga, atakayekosa namba haendi Corowa. Anashuka ligi ya Hume au ya Tallangatta. Kinachoua ni kijana wa miaka 18 kwenda chuo Melbourne, zaidi ya kilomita 300 kutoka Wodonga. Mazoezi ya katikati ya wiki hayawezi, na anayekuja siku ya mechi tu anavuruga kikosi.

Mzee wa Benchi: Mnasahau pointi za usajili. Mchezaji aliyekulia klabuni anahesabiwa 1, aliyetoka juu AFL, ligi kuu ya Australia, anafika 6, na jumla ya kikosi ina ukomo. Klabu isiyo na vijana wake inamaliza pointi kwa wageni watano, kisha mmoja akiumia, wa kuziba pengo hatoshei hesabu. Na malipo pia yana ukomo: Wangaratta waliuvuka wakavuliwa ubingwa wa 2022, ile fainali waliyoshinda kwa goli moja kama sikosei. Kama hela ni shida, klabu zipunguze timu zao za netiboli kwanza.

Dada Mpira: Wapunguze nini? Rudia hapo!

Kipenga: Goli ni pointi 6, mzee. Kwenye fainali hiyo Yarrawonga walifungwa kwa pointi 3.

Dada Mpira: Kipenga, hizo pointi 3 ziweke kando. Mzee, netiboli ni watu 7 uwanjani, mpira mmoja, na wachezaji wanalipa ada. Wanaolipwa kucheza ni hao wanaume wako! Netiboli inachezwa siku hiyohiyo, dhidi ya klabu ileile, kwa hiyo familia nzima inaingia getini na kununua chakula kantini. Ondoa timu mbili za wasichana uone nani atabaki kuuza chai mvua ikinyesha.

Mzee wa Benchi: Dada, nimezungumzia gharama, sijamtukana mtu. Sakafu ya uwanja wa netiboli na taa zake si bure.

Dada Mpira: Taa za uwanja mkubwa je? Mbona hizo hujazitaja?

Ng'ambo ya Murray: Jamani, mada ni kuunganisha klabu.

Kipenga: Dada ana haki. Timu ya wakubwa ikijitoa, ratiba ya netiboli nayo inayumba, na msichana mwenye kiwango anahamia Albury. Akihama, kaka yake wa miaka 15 anamfuata, maana mzazi ana gari moja. Hapo umepoteza mchezaji wa pointi 1, na badala yake utamnunua wa 4.

Mzee wa Benchi: Basi wasichana wapewe vyumba vya kubadilishia nguo kabla ya kusajili mgeni yeyote. Hilo nitaliunga mkono. La kuunganisha Lavington na North Albury, hata mkikesha hapa, nakataa.