Gofu, par 5 yenye bwawa mbele ya grini: nivuke kwa mkwaju wa pili au nisogeze kwanza?

Handikepu18 (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri kwa jambo linaloninyima raha tangu mwezi uliopita. Hapa klabuni kwetu Dar tuna par 5 moja fupi (shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitano), yadi 440 kutoka tii (mahali pa kuanzia) tunazotumia wengi wetu. Nikiipiga dreva (fimbo ndefu ya kuanzia) sawasawa, nabaki na yadi 195 kufika kwenye bendera. Kuanzia yadi 120 mbele yangu ni bwawa, na linakwisha pale pale grini (nyasi fupi zenye shimo na bendera) inapoanza. Yaani ili nivuke, mpira lazima ubebe yadi 178 hewani bila kugusa chini.

Haibridi yangu namba 4 nikiikamata vizuri inabeba 185. Jumatano nilikwenda uwanja wa mazoezi nikapiga mipira 20 kwa fimbo hiyo hiyo. Nilihesabu kwa uaminifu: 11 ingevuka, 9 ingezama. Njia ya pili ni kuchukua aini 9, nisogeze, yaani niupige mpira mfupi yadi 100 ubaki huku kabla ya maji, kisha nibaki na mkwaju wa weji (fimbo ya mikwaju mifupi) wa yadi 95.

Jumamosi ijayo tuna mashindano ya mwezi, mikwaju yote inahesabiwa. Nifanye lipi?

Mzizima

Mkuu, vuka. Hiyo par 5 ni fupi kwa makusudi, aliyeichora anakuita. Gene Sarazen mwaka 1935 pale Augusta, Marekani, kwenye mashindano makubwa ya Masters, shimo la 15, alikuwa na yadi 235 na bwawa mbele yake. Angesogeza, leo hakuna ambaye angelijua hilo shimo. Alichukua fimbo ya mbao namba 4, mpira ukaingia shimoni kwa mkwaju wa pili, akamfikia Craig Wood aliyekuwa akiongoza, na kesho yake akamshinda kwenye mchujo.

Halafu mtazame Chip Beck mwaka 1993. Shimo lile lile, siku ya mwisho, yuko nyuma ya Bernhard Langer kwa mikwaju mitatu, mashimo yamebaki machache. Akasogeza! Akapata par, na Langer akashinda kwa tofauti ya minne. Hadi leo watu wakimtaja Beck wanaanza na mkwaju ule, na alikuwa mchezaji mzuri sana.

Mhasibu wa Grini

Mzizima ndugu yangu, mifano yako ni ya kweli, ila mleta mada si Sarazen na Jumamosi hafukuzani na Langer. Tumfanyie hesabu kwa namba alizoleta mwenyewe.

Tuchukulie shimo hilo analicheza mara 10. Akisogeza, anafika grini kwa mkwaju wa tatu mara nyingi, mingine inaangukia pembeni. Kwa handikepu yake, yaani kiwango chake cha uchezaji, tuseme nusu anapata 5, nusu anapata 6. Jumla 55.

Akijaribu kuvuka na mpira ukavuka, tusijidanganye kwamba atakuwa karibu na bendera. Kwa haibridi kutoka yadi 195, mingi itapita grini au itaangukia ubavuni. Atapiga kidogo kurudi, ataputi (atausukuma mpira kwenye grini) mara mbili: 5. Mpira ukizama, mkwaju wa tatu ni adhabu, wa nne ni kuvuka tena, kisha kupiga kidogo na kuputi mara mbili: 7, na hapo tumemhurumia.

Sasa akivuka mara 7 kati ya 10, anapata 35 na 21, jumla 56. Amevuka mara saba na bado yuko nyuma ya aliyesogeza! Lazima avuke mara 8 ndipo apate 54 na kuanza kufaidika. Yeye kavuka 11 kati ya 20, ambayo ni chini ya 6 kwa 10. Na ilikuwa uwanja wa mazoezi, kwenye nyasi tambarare, bila kadi mfukoni. Kwa kiwango hicho, hesabu yangu inafika 59. Anatupa mikwaju minne.

Zach Johnson mwaka 2007 alishinda Masters kwa hesabu ya namna hii. Par 5 zote 16 za siku nne alisogeza, hakujaribu hata moja kwa mkwaju wa pili, na akazicheza kwa mikwaju 11 chini ya par. Tiger Woods alikuwa nyuma yake kwa miwili.

Dada wa Nyali

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nakubaliana na Mhasibu kwenye hesabu, lakini kuna kitu kimoja mnakipita haraka mno. Mnaongea kana kwamba ukisogeza umeshafika. Kusogeza si kufika. Bado maji yako mbele yako na bado hujapiga mkwaju mgumu.

Mkumbukeni Rory McIlroy, Aprili 2025, siku ya mwisho ya Masters. Shimo la 13, anaongoza, anaamua kucheza salama. Anasogeza vizuri kabisa. Anabaki na weji isiyofika hata yadi 90, grini yote iko wazi upande wa kushoto. Mpira unaondoka kulia, unadondoka ukingoni, unabingirika hadi kwenye kijito. Akatoka na 7. Nilikuwa nimekaa na kaka yangu sebuleni, sote tulisimama bila kusema neno.

Kisha shimo la 15. Yadi zaidi ya 200, bwawa mbele, miti imemzibia njia. Safari hii hakusogeza. Alichukua aini 7, akaukunja mpira kuzunguka miti, ukatua na kusogea hadi futi chache tu kutoka shimoni. Akapata bedi (mkwaju mmoja chini ya par), na baadaye akamshinda Justin Rose kwenye mchujo. Siku moja, mtu mmoja: mkwaju wa usalama ulizama, wa hatari ukavuka.

Kwa hiyo, Handikepu18 kaka yangu, swali langu kwako ni hili: hiyo weji ya yadi 95, ulipiga mipira mingapi Jumatano? Kama hukupiga hata mmoja, umepima upande mmoja tu. Inawezekana weji yako ya 95 unaikosa na ile ya 110 unaipiga kamili. Basi sogeza yadi 85 badala ya 100. Watu husogeza hadi pale fimbo inapowafikisha, karibu na maji kadiri iwezekanavyo, kisha wanabaki na nusu mkwaju ambao hawajawahi kuufanyia mazoezi.

Kedi Mkongwe

Shikamooni wakubwa. Nimebeba mikoba ya wachezaji zaidi ya miaka ishirini na ninalijua shimo la namna hiyo. Niongeze ya chini kwa chini, kwa sababu mambo haya yanaamuliwa na nyasi kabla ya fimbo.

Kabla hujatoa fimbo yoyote, tazama mpira umekaaje. Feawei (njia ya nyasi fupi kuelekea grini) nyingi zinazoelekea bwawani zinateremka. Ukisimama kwenye mteremko, mguu wa mbele uko chini, mpira unaondoka bapa, hauinuki. Haibridi inayobeba 185 kwenye tambarare, hapo unaweza kuiona inagonga maji kwa 165. Nimeona wachezaji wazuri wakilaumu fimbo, kumbe ardhi ilikuwa imeshawaambia. Na kama mpira umezama kwenye nyasi, ukitazama kwa juu unauona nusu tu, usiulize mtu, chukua aini 9.

Pili ni upepo. Huku pwani msimu wa kusi unavuma hasa mchana. Asubuhi saa moja bendera imelala, saa sita imenyooka kama ubao. Shimo moja, siku moja, majibu mawili. Chukua nyasi kidogo, zirushe juu, lakini tazama pia vilele vya minazi, maana mpira wako utapita juu huko.

Tatu, ukizamisha. Hapa ndipo nimeona watu wakipoteza zaidi. Kama vigingi vya kando ya bwawa ni vya njano, una njia mbili kwa adhabu ya mkwaju mmoja: urudi ulipopigia, au urudi nyuma kwenye mstari unaotoka bendera hadi mahali mpira ulipovukia ukingo wa eneo la maji. Kwenye mstari huo unaweza kurudi nyuma upendavyo. Watu wanadondosha pale pale ukingoni, miguu inagusa tope, wanabaki na mkwaju mfupi wa kubahatisha juu ya maji yale yale. Rudi nyuma hadi umbali wa weji unayoiamini! Kurudi nyuma ni bure, adhabu umeshalipa. Na mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti, tangu 2019, si begani tena. Bado nawaona wazee wakinyoosha mkono.

Mzizima

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kurudi nyuma kwenye mstari sikuwahi kulifikiria, nimekuwa nikidondosha ukingoni miaka yote.

Nalegeza msimamo kwa mashindano ya Jumamosi. Lakini mechi ya mtu kwa mtu ni habari nyingine. Mpinzani wako akiwa tayari yuko grini kwa miwili, kusogeza ni kumpa shimo mkononi. Pale kupata 7 au kupata 15 ni kitu kimoja, umepoteza shimo moja tu. Na akizamisha yeye majini kwanza, basi sogeza bila aibu.

Mlima Ngong

Nipite haraka. Ninacheza Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, na kila nikishuka pwani nazamisha mipira siku ya kwanza. Hewa ya huku juu ni nyepesi, mpira unabeba zaidi. Haibridi ya yadi 195 kwetu, huko chini ihesabu 185 au pungufu. Kwa hiyo wageni wa bara msitumie namba za nyumbani. Na mleta mada, kipimo cha yadi kinachoonyesha bendera hakikuambii maji yanaishia wapi. Pima ukingo wa mbele wa grini, kisha ongeza yadi kumi.

Handikepu18 (mleta mada)

Wakuu, Mungu awabariki. Nimerudi kutoka uwanjani. Dada wa Nyali, jana jioni nilipiga weji 20 za yadi 95 kama ulivyosema: 16 zilibeba vya kutosha. Kwa 110 zilikuwa 18. Sikutegemea kabisa.

Leo nilifika pale saa nne na nusu, kusi imeanza, dreva nzuri, yadi 198. Nilipouangalia mpira ulikuwa kwenye mteremko kama alivyosema mzee, kisigino changu cha nyuma kiko juu. Kedi wangu alikuwa ameshaivuta haibridi nusu. Nikamwomba aini 9, nikaishika chini kidogo, nikasogeza yadi 88. Weji ya 110, mpira ukatua upande wa kushoto wa grini, mbali na bendera, nikaputi mara tatu. 6.

Mwenzangu wa kundi alivuka kwa fimbo ya mbao namba 5, akapita grini, akapata 5. Na wa tatu wetu alizamisha mara mbili.

Swali langu sasa limehama. Mkiwa na weji ya 110 juu ya maji na bendera imewekwa mbele kabisa, mnalenga bendera au katikati ya grini?