Kaunsili imeuita mchicha wangu magugu: nijaze kisanduku gani?

Mama Kitalu, Midlands (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina barua hapa na mikono inatetemeka.

Mnajua nilivyoisubiri ile alotimenti, kishamba cha kukodi cha kaunsili, miaka mitatu na ushee. Nikapewa nusu, rodi 5, imejaa sangari na miiba mpaka ua hauonekani. Nimeilima kwa jembe la nyumbani nililolibeba kwenye sanduku bila mpini. Mwaka huu nina mchicha kipande kikubwa, mnavu, maboga kwa ajili ya majani, na sukuma wiki pembeni. Wiki iliyopita mkaguzi kapita nikiwa kazini. Leo barua: sehemu kubwa ya eneo "haijalimwa na imefunikwa na magugu yanayokaribia kutoa mbegu". Siku 28. Na picha wameambatanisha. Nikaitazama nikidhani wamekosea ploti. Ni mchicha wangu! Ule ule niliopalilia Jumapili baada ya kanisa!

Fomu ina visanduku vitatu: A nitasafisha, B narudisha eneo, C napinga na sababu zangu ni hizi. Nikijaza A nimekiri kosa, na nasikia barua mbili ndani ya mwaka mmoja unatolewa. Nikijaza C naogopa kuonekana mkorofi wakati wa kulipia upya. Aliyewahi kuijaza anisaidie: A au C? Halafu, haya mambo yanaingia kwenye ILR, kile kibali cha ukaazi wa kudumu? Mimi naomba mwezi wa pili.

—

Baba Watatu, Reading (Jumatatu, saa 3 na nusu)

Pole sana dada. Yangu ilikuwa maboga. Jirani yangu ni mzee wa Kiingereza, mtu mzuri, alinitazama majira yote ya joto nikikata vikonyo na majani machanga nakwenda nayo nyumbani. Kumbe alikuwa ananihurumia, anaona huyu bwana anajiharibia maboga yake kwa kutojua. Mwezi wa kumi akaniletea boga moja kubwa, kanikabidhi kwa mikono miwili kama anatoa rambirambi. Mke wangu alilipika na nazi, tukampelekea bakuli. Tangu hapo ni ndugu.

—

Kijana wa Kisii, Luton (Jumatatu, saa 4)

Mama, shida si mchicha, shida ni hiyo mnavu. Sisi kwetu rinagu ni mboga ya heshima, lakini hapa inajiotea yenyewe kwa viazi vya watu na vitabu vyao vinasema ni sumu. Mimi hata sipandi. Nazunguka ploti za majirani na mfuko, naomba ruhusa kung'oa, wananishukuru ati nawasaidia kupalilia. Mwaka jana nilikula managu kutoka Juni hadi Septemba bila kununua mbegu.

—

Nesi wa Cardiff (Jumanne, saa 12 asubuhi)

Kijana, tafadhali usiandike hivyo hadharani kama kwamba kila kinachofanana na mnavu kinaliwa. Huku kuna belladona, mmea wa sumu kali, na watu wanachanganya majina kwa sababu Waingereza wanaviita kwa majina yanayokaribiana. Mnavu una maua meupe madogo kama ya pilipili na matunda yake yanakaa kwa vishada. Belladona ina maua ya zambarau yaliyokunjuka kama kengele na tunda linakaa moja moja juu ya majani matano yaliyotanda kama nyota. Na hata mnavu wenyewe, matunda mabichi ya kijani hayaliwi, na majani yanachemshwa. Mama yangu alimwaga maji ya kwanza kila mara.

—

Kijana wa Kisii, Luton (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Nesi nimekula managu tangu nikiwa na meno mawili. Sijasema watu wale belladona.

—

Mzee wa Kondoa (Jumanne, saa 5 asubuhi)

Ndugu zangu, tusome sheria kabla ya kuchemsha mboga. Sheria mama ni ya 1908. Ya 1922 ndiyo inayoeleza alotimenti ni nini: eneo lisilozidi rodi 40, linalolimwa lote au kwa sehemu kubwa mboga au matunda ya kuliwa na mwenyewe na familia yake. Hapo hakuna neno linalosema mboga hizo ziwe karoti. Rodi 10 ndiyo ploti nzima, kama mita za mraba 250, kwa hiyo binti yangu Mama Kitalu ana kama 125. Kwa anayevunja masharti, kaunsili inaweza kutoa notisi ya mwezi mmoja, ndiyo maana hizi barua si za kuwekea kikombe cha chai. Kuku na sungura wa nyumbani wanaruhusiwa tangu 1950, jogoo haruhusiwi, naliweka hapa maana kuna mtu aliuliza mwaka jana.

Inanikumbusha Siasa ni Kilimo, ile kampeni ya kilimo ya Tanzania, 1972. Sisi shuleni tulishika jembe kabla ya kalamu. Afisa akija kukagua shamba la shule alijua mchicha na alijua gugu, na alijua pia nani kapanda kwa mstari na nani kamwaga mbegu ovyo.

—

Binti wa Clyde (Jumanne, saa 7 mchana)

Shikamoo mzee. Ila sheria ya 1908 haituhusu sisi wa Skotland. Huku tunatumia ya 2015, na hiyo inaitaka kaunsili ichukue hatua ili mtu asisubiri zaidi ya miaka mitano. Tusiwapotoshe watu.

—

Mzee wa Kondoa (Jumanne, saa 7 na robo)

Marahaba. Mama Kitalu ameandika Midlands. Midlands haijahamia Skotland bado.

—

Baba Watatu, Reading (Jumanne, saa 2 usiku)

Kuhusu ILR: kukodi alotimenti si msaada wa serikali, haimo kwenye orodha ya NRPF, yaani misaada ya umma ambayo mwenye viza haruhusiwi kuipokea, unalipa kodi yako kama mtu mwingine. Kuna mtu kila mwaka anazusha hapa kwamba hata kadi ya maktaba ni NRPF. Acheni kutishana.

—

Mama Lenga, Sheffield (Jumanne, saa 3 usiku)

Bonsoir ndugu. Sisi Wakongo hiyo mboga ni lengalenga, nami walinipiga picha hivyo hivyo miaka imepita. Nitakuambia mama, kosa lako si mboga, ni vile ulimwaga. Nyumbani tunachanganya mbegu na mchanga tunamwaga juu ya tuta, inaota nene kama zulia, tunapunguza kwa kula. Mtu wa huku akiona zulia la majani anaona pori. Sasa mimi nasubiri jalidi iishe, katikati ya mwezi wa tano, napanda kwa mstari uliovutwa na kamba, kila mstari una kibao kimeandikwa jina na tarehe. Mboga ni ile ile. Mkaguzi anapita anasoma kibao, anatabasamu, anakwenda. Matembele niliweka chini ya banda la nailoni, nje yanakufa. Sombe, majani ya muhogo, nimeacha, nanunua ya barafu.

—

Nesi wa Cardiff (Jumanne, saa 3 na nusu)

Hapo kwenye mstari Mama Lenga umesema kweli. Ila wa mwaka huu ameshamwaga tayari.

—

Dada wa Bristol (Jumatano, saa 2 asubuhi)

Samahani kuingilia. Mnaotaja mbegu, mnazipata wapi? Mimi mama alinitumia mchicha, bamia na nyanya chungu kwa posta, nikapata bahasha imefunguliwa na karatasi inasema zimezuiwa kwa kukosa cheti cha afya ya mimea. Mama kaumia kuliko mimi, alizikausha mwenyewe kwenye ungo.

—

Mzee wa Kondoa (Jumatano, saa 4 asubuhi)

Cheti hicho kwa Tanzania kinatolewa na TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Kwa pakiti moja ya mchicha sijamwona aliyekwenda kukipanga foleni. Nunua mchicha huku huku kwenye maduka ya Wahindi na Wabengali, mbegu zake zinauzwa kwa pakiti. Mwekundu na wa kijani. Si ladha ile, lakini unafanana.

—

Baba Watatu, Reading (Jumatano, saa 1 jioni)

Mzee umenigusa. Hebu fikirini. Mimi hapa mgeni, napewa mita zangu na kaunsili nalima. Ningechukua pasipoti yao ya bluu kabla ya marekebisho ya 2025, nyumbani Tanzania Sheria ya Ardhi ya 1999 ingenihesabu mgeni, na mgeni alikuwa hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Yaani kaburi la babu liko pale na mimi ningekwenda kuandika mpango wa biashara! Uraia pacha tumeuomba mpaka sauti zimekauka.

—

Kijana wa Kisii, Luton (Jumatano, saa 1 na nusu jioni)

Sisi katiba ya 2010 ilimaliza hiyo story. Poleni majirani.

—

Baba Watatu, Reading (Jumatano, saa 2 kasoro)

Asante, tumesikia. Nyinyi shamba mnaruhusiwa, ndugu ndio wanaligawana mkiwa Luton.

—

Mama Lenga, Sheffield (Jumatano, saa 2 usiku)

Kwetu shamba liko, ni amani ya kwenda kulima ndiyo hakuna. Rudini kwa mboga.

—

Mama Kitalu, Midlands (Ijumaa, saa 3 usiku)

Asanteni wote, nimesoma kila kitu, hata ya jogoo. Leo nilikwenda ploti na kamba. Nimeng'oa mchicha ulio katikati ili ibaki mistari, nikapata mifuko mitano, nimegawia wodi nzima kazini. Vibao nimeandika majina ya Kiswahili na ya kitaalamu chini yake, mwanangu kanitafutia. Kwenye mnavu nimeogopa, kibao nimekiandika nikakitoa, nikakirudisha. Jirani wa ploti ya pili kaja kuuliza kama naandaa maonyesho.

Lakini fomu bado iko mezani. Sitaki kuituma siku ya mwisho. Visanduku ni vile vile. A au C?

—

Dada wa Bristol (Ijumaa, saa 3 na dakika 20)

Mama, mifuko mitano! Ukiacha mashina mawili yatoe mbegu usizitupe, nitakutumia bahasha yenye stempu.

—

Kijana wa Kisii, Luton (Ijumaa, saa 3 na nusu)

Na mimi. Mgagani unao? Sisi tunaita chinsaga. Hiyo haijioti huku, nimeitafuta kila mahali.