Madawaska, Témiscouata au Gloucester: wapi panafaa familia inayotegemea Kifaransa?

BintiMuyinga: Hamjambo wote. Tuko Montréal, Kanada, na kodi ya nyumba inatumaliza. Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Lugha yetu ya kazi ni Kifaransa, Kiingereza ni cha kubahatisha. Tumebaki na sehemu tatu: kaunti za Madawaska na Gloucester kule jimbo la New Brunswick, na Témiscouata hapahapa jimbo la Quebec. Takwimu nimezisoma: Gloucester watu wanakaribia 80,000, Madawaska kama 32,000, Témiscouata hawafiki 20,000. Ila namba hazinielezi watu wanaishije. Mliokaa huko, tusaidieni.

Baba_Furaha: Karibu dada. Mimi niko Edmundston, mji wa Madawaska, kwa hiyo nitapendelea kwangu, usinilaumu.

Madawaska ina ukubwa wa kilomita za mraba kama 3,450. Ukigawanya unapata watu tisa hivi kwa kila kilomita, unaanza kuwaza utakaa na swala tu. Hesabu hiyo inadanganya. Msituni hakuna mtu kabisa. Watu wamejipanga kando ya mto Saint-Jean, na nusu yao wako Edmundston peke yake, 16,000 na ushee. Hapo kuna hospitali ya kanda, tawi la Université de Moncton, na barabara kuu ya Trans-Canada inapita mlangoni. Kwa dereva wa lori hilo si jambo dogo. Kifaransa ndiyo lugha ya kwanza ya zaidi ya watu tisa kati ya kumi.

Ukivuka daraja uko Marekani, mji wa Madawaska, Maine. Mpaka ulipitishwa mtoni kwa mkataba wa mwaka 1842 kati ya Uingereza na Marekani, koo zikabaki nusu huku nusu kule. Hadi leo kiwanda cha upande wetu kinageuza mbao kuwa rojo, rojo linavushwa mto kwa bomba, na karatasi inatengenezwa upande wa Maine. Mpaka upo, lakini kazi ni moja.

Mzee_wa_Ziwani: Edmundston ni mji, na mwenzetu anakimbia kodi za mjini. Njooni Témiscouata! Ziwa lina urefu wa kilomita 40 hivi, misitu ya miti ya maple inayotoa sharubati, na njia ya baiskeli ya Petit Témis, iliyojengwa juu ya reli ya zamani, kilomita 134 kutoka Rivière-du-Loup mpaka Edmundston.

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Témiscouata ni MRC, yaani muungano wa manispaa za eneo moja, chombo chenye mamlaka: kuna baraza la mameya, kuna mkuu wake anayeitwa préfet, wanapanga matumizi ya ardhi. New Brunswick mabaraza ya kaunti yalivunjwa miaka ya 1960, wakati wa Waziri Mkuu wa jimbo hilo, Louis Robichaud, na shule na hospitali zikachukuliwa na jimbo. Kaunti ikabaki kwenye ramani na kwenye takwimu. Ukienda kutafuta ofisi ya kaunti ya Madawaska utazunguka mpaka jioni.

Ukweli mwingine: huku wazee ni wengi, vijana wanakimbilia Rimouski na jiji la Québec. Kwa anayehudumia wazee, kazi haikosi. Kwa kijana wako wa miaka kumi na sita, sijui.

Nyota_ya_Lamèque: Gloucester msiirukie kwa sababu ina watu wengi. Wametandazwa pwani nzima: Bathurst, Caraquet, Shippagan, Lamèque. Kazi zinafuata msimu. Msimu wa kuvua kaa ukianza, viwanda vinachangamka. Msimu ukiisha, watu wanarudi kwenye bima ya ajira. Karibu na Bathurst palikuwa na mgodi mkubwa wa zinki, ukafungwa 2013. Lakini raha ipo! Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Waakadia, yaani wazao wa walowezi Wafaransa wa huku, mji mzima wa Caraquet unatoka barabarani na masufuria kupiga kelele.

BintiMuyinga: Asanteni sana. Je, tukipanga Dégelis, kule Témiscouata upande wa Quebec, mume akafanya kazi Edmundston? Naona ni nusu saa tu.

Baba_Furaha: Nusu saa ya barabara, saa moja ya ukuta. New Brunswick iko mbele kwa saa moja. Akitoka Dégelis saa moja asubuhi, anaingia Edmundston saa mbili na nusu. Jioni anarudishiwa saa hiyo, lakini alfajiri ya Januari hataiona faida. Na kodi ya mapato itakuwa ya jimbo analolala, si analofanyia kazi.

Mzee_wa_Ziwani: Jirani yangu anaishi hivyo. Ametundika saa mbili jikoni, moja ya huku na moja ya kule.

Baba_Furaha: Swali la mwisho dada: makaratasi yenu yakoje? Kama bado hamna ukazi wa kudumu, mpango wa uhamiaji wa Atlantiki unahusu New Brunswick, Quebec haimo. Kama mnao, chagueni mtakapo. Ila njooni kuangalia mwezi wa pili, si wa saba. Mkipita kwangu mtakula ploye, zile za unga wa buckwheat: kama chapati za maji, ila zinapikwa upande mmoja tu.

BintiMuyinga: Tunao. Basi mwezi wa pili, Edmundston kwanza, halafu Dégelis. Gloucester mume amekataa, anasema kaa hawali.