Kalkuleta inasema 13.525, kwenye tepu naiweka wapi?

KijanaWaIgoma
Wakuu, habari za jioni. Nina kabati la shelfu 4 za paina. Urefu wa ndani ni inchi 70 na 5/8, kila shelfu unene 3/4, nataka nafasi 5 zilingane. Nimetoa inchi 3 za unene, ikabaki 67 na 5/8. Nimeandika 67.625 kwenye simu, nikagawa kwa 5, ikaja 13.525. Nikapima 13 na vistari vitano kuanzia chini, nikapanda hivyohivyo shelfu kwa shelfu. Nafasi ya juu kabisa imetoka 14 na 3/8! Bado ni penseli tu, sijapigilia. Nimekosea wapi?

RandaKali
Kugawa umegawa sawa, kusoma ndiko ulikokosea. Hiyo .525 si vistari vitano, ni nusu inchi na chembe. Tepu yako kila inchi ina vistari 16, kwa hiyo chukua kilicho baada ya nukta uzidishe kwa 16: 0.525 × 16 = 8.4. Vistari 8, yaani nusu. Wewe kila nafasi umeipunja vistari vitatu na ushee, na ulichozipunja nafasi nne za chini chote kimepanda kwenda kukaa juu.

Mimi nukta siziingizi kabisa kwenye kazi ya inchi. Tumia thumuni (1/8). 67 × 8 = 536, ongeza zile 5, una thumuni 541. Gawa kwa 5: 108, inabaki 1. Thumuni 108 ni inchi 13 na nusu kamili. Ile moja iliyobaki usiitupe, ipe nafasi ya chini: 13 5/8 chini, zote za juu 13 1/2. Hakuna mteja atakayeiona.

Halafu acha kuruka shelfu kwa shelfu, kila ukiinua tepu kosa linaongezeka. Bana tepu chini, piga alama zote kwa mkupuo. Uso wa chini wa shelfu unakaa 13 5/8, 27 7/8, 42 1/8 na 56 3/8. Weka X juu ya kila mstari kuonyesha mbao inakaa upande gani. Ikikaa upande wa pili, umehama 3/4 nzima.

MbaoNaGundi
Hiyo 3/4 umeipima au umeambiwa dukani? Paina iliyopita kwenye randa haitoki sawa, na ikiwa bado ina maji itapungua unene na upana ikikauka (urefu karibu haubadiliki). Panga shelfu zote 4 pamoja, zibane na klempu, pima mara moja. Hicho ndicho cha kutoa.

Wanaotumia MDF (mbao ya kiwandani ya nyuzi za mti zilizogandamizwa) ya mm 18 wakaiita 3/4 ndio wanaumia zaidi. 3/4 ni mm 19.05. Kwa shelfu 4 tofauti ni mm 4 na kitu, zaidi ya thumuni ya inchi.

Mnyoofu_Kirumba
Si muhamie milimita tu yaishe?

MbaoNaGundi
Ukianza kwa milimita, maliza kwa milimita. Lakini mbao unanunua mbili kwa nne, mteja anakuja na futi zake, na kubadilisha katikati ya kazi ndiko kunakoharibu.

Bi_Skwea
Nyongeza ndogo. Kile kichuma cha mbele ya tepu kinachocheza, usikigonge kitulie. Kinacheza kiasi cha unene wake, ili ukivuta kwa nje au ukisukuma kwa ndani kipimo kiwe kilekile. Kikipinda, anzia kwenye inchi 1 na kila alama uiongeze 1. Ukisahau kuongeza, kipande kinakatika kifupi inchi nzima.

KijanaWaIgoma
Wabeja sana. Nimezibana zote 4: inchi 2 na 7/8, siyo 3. Sasa inabaki 67 na 3/4, thumuni 542, kila nafasi 108, masalio 2. Hizo mbili zote chini?

RandaKali
Gawa: nafasi mbili za chini 13 5/8 kila moja, tatu za juu 13 1/2. Ila zile alama nilizokupa zifute, unene umebadilika. Shelfu moja sasa ni 23/32, na tepu yako haina kistari hicho. Achana na tepu. Kata vibao viwili vya 13 5/8, kimoja kushoto kimoja kulia, visimamishe, laza shelfu juu yake, pigilia. Rudia nafasi ya pili. Kisha vipunguze vibao hivyohivyo thumuni moja moja, panda navyo shelfu zilizobaki. Nafasi ya juu ndiyo ya kujaribia: kibao kikiingia bila kulazimisha wala kucheza, funga kazi.