Posho ya mhudumu wa jamii au muuguzi wa pili: visiwani tuanze na nani?

Kasia

Wakuu, naleta hoja hii mnipinge kwa hesabu. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii: lengo ni watu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wenye mafunzo ya miezi sita. Sasa chukua kata moja ya visiwa vya Ziwa Victoria, Ukerewe au Buchosa, ambako zahanati ina muuguzi mmoja na tabibu anayekuja kwa zamu. Halmashauri imepata fedha kidogo za ziada. Ziende kwenye posho na vifaa vya wahudumu, au kwenye mkataba wa muuguzi wa pili?

Nasema posho kwanza. Kinachotuua huku ni kuchelewa, na kuchelewa kunaanzia nyumbani, si zahanati. Mtoto anayepumua mbio hutambuliwa kwa kuhesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, safari ianze. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huo ni utapiamlo mkali. Haya hayadai diploma. Yanadai saa yenye mshale wa sekunde, utepe, daftari, na mtu ambaye hatalazimika kwenda kuanika dagaa siku ya kutembelea kaya kwa sababu watoto wake hawajala.

Shirika la Afya Duniani lilishasema katika mwongozo wake wa 2018: walipwe kulingana na ukubwa wa kazi, na malipo yasitegemee matokeo peke yake. Ukimlipa mtu kwa idadi ya rufaa, utapata rufaa nyingi na wagonjwa wachache.

Mkunga wa Buchosa

Kaka Kasia, pumzi umezihesabu vizuri. Haya, damu je?

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Anayemwokoa ni mtu aliyepo pale pale: sindano ya oksitosini yuniti 10 mtoto akishatoka, kondo litolewe na kukaguliwa kama limetoka zima, mfuko wa uzazi ukandwe mpaka ukaze, kibofu kiwe tupu, msamba uangaliwe kama umechanika. Oksitosini nayo inataka nyuzi 2 hadi 8. Friji ya sola ikizimika wiki moja bila mtu kuangalia kipimajoto, unachoma sindano iliyopoteza nguvu halafu unashangaa damu haikati. Ndiyo maana misoprosto, dawa ya kuzuia damu isiyohitaji friji, vidonge vitatu vya mikrogramu 200, isikosekane kwenye kabati hata kama friji ipo.

Sasa piga hesabu yangu. Wiki ina saa 168. Muuguzi mmoja, hata akijitesa afanye 70, anaacha 98 bila mtu. Siku anayovuka kwenda makao makuu kupeleka taarifa, kufuata dawa au kuhudhuria semina, mlango una kufuli. Mhudumu wako wa jamii atamshawishi mama, mama atapanda mtumbwi, atakuta kufuli. Mara ya pili kufuli tena. Mara ya tatu mhudumu huyo hana neno la kumwambia mtu kijijini, hata umlipe mara mbili. Muuguzi wa pili ndiye anayeufanya ushauri wa mhudumu uwe na maana.

Daftari

Dada Mkunga amegusa panapouma, ila wote wawili mnahesabu watu kama wamekaa. Visiwani watu hawakai.

"Wawili kwa kitongoji" ni kanuni ya bara. Kambi ya wavuvi wa dagaa hujaa siku za giza, maana dagaa huvutwa kwa taa na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukipevuka, wengi huenda makwao au huhamia mwalo mwingine, yaani ufuko mwingine wa kushushia samaki. Kwa hiyo kitongoji chenye kaya 60 kwenye rejesta kinaweza kuwa na watu mara mbili wiki hii na nusu wiki ijayo. Mhudumu aliyechaguliwa na mkutano wa kijiji anawajua wenyeji, lakini kambini hajui nani kafika jana na dawa zake za kufubaza virusi zimebaki Kagera.

Mambo mawili tu. Kwanza, mmoja kati ya wale wawili atoke mwaloni: muuza samaki, mama ntilie, karani wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za mwalo, mtu ambaye kila anayeshuka kwenye mtumbwi lazima apite mbele yake. Pili, kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu walipo, isipangwe kwa tarehe ya kalenda. Ukipanga "Jumatano ya kwanza ya mwezi" na ikaangukia giza, mchana wavuvi wamelala na wanawake wako kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Panga kwa mbalamwezi. Chanjo, kupima shinikizo, dawa za miezi kadhaa kwa mtu aliyetulia kwenye matibabu: yote yanabebeka siku hizo.

Kichocho vilevile. Dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kilo, tunatumia kipimo cha urefu badala ya mizani. Lakini ukiigawa asubuhi kwa watu ambao hawajala, watatapika na kizunguzungu kitawashika, na kufikia jioni mwalo mzima unasema dawa ni mbaya. Mhudumu wa mwaloni anajua saa ya uji. Mgeni hajui.

Mhasibu

Mmeongea kama fedha ni moja. Siyo moja.

Mfuko wa pamoja wa afya, wa Serikali na wafadhili, una masharti yake na mpango uliopitishwa. Tangu 2017/18 fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, jambo jema, lakini zahanati ya kisiwani yenye wagonjwa wachache wanaolipa na bima chache ina makusanyo ya kununulia sabuni na petroli, si ya kubeba mshahara. Mapato ya ndani ya halmashauri ndiyo yenye uhuru, na huku mapato hayo yanategemea ushuru wa samaki. Samaki wakipungua miezi mitatu, posho zinakuwa za kwanza kusimama, kwa sababu posho haina mkataba wa kuishitaki halmashauri.

Tuseme laki moja kwa mwezi. Ni namba ya mfano tu. Kata yenye vijiji 4, vitongoji 5 kila kijiji, ni vitongoji 20, wahudumu 40. Milioni 4 kwa mwezi, milioni 48 kwa mwaka, kabla ya mabuti, makoti ya mvua, vocha na daftari. Kwa fedha hiyo unapata zaidi ya muuguzi mmoja wa mkataba, pamoja na michango yake ya hifadhi ya jamii na likizo.

Ushauri wangu: afadhali wahudumu 20 wanaolipwa kila tarehe 28 bila kukosa kuliko 40 wanaolipwa kwa mafungu baada ya miezi minne. Mtu aliyekosa posho miezi minne haandiki barua ya kuacha kazi. Anaacha kutembelea kaya na kuendelea kujaza daftari akiwa chini ya mwembe, na takwimu zinakuja safi kabisa.

Kasia

Hiyo ya mwembe imeniingia, mkuu. Nakubali kupunguza idadi. Sikubali bado kwamba muuguzi wa pili atakaa. Akipangiwa kisiwa bila nyumba, mwaka haujaisha ameshaomba uhamisho wa kumfuata mwenza, na kibali kinakuja. Mhudumu hahami, kwao ni pale pale.

Mkunga wa Buchosa

Basi ajiriwe wa kwao pia. Binti wa kisiwa cha Ukara aliyesomea ukunga ana sababu ya kurudi ambayo posho ya mazingira magumu haiwezi kuinunua kwa mtu aliyekulia mjini. Wataalamu wa kubakiza watumishi vijijini wamelisema hili siku nyingi: anza kwa kuchagua wanafunzi kutoka huko huko. Halmashauri haiwezi kuamua nani apangiwe wapi na ajira ya Serikali kuu, lakini tangazo la mkataba wake inaliandika yenyewe.

Nahodha

Mabosi, mmesahau maji katikati.

Boti ya wagonjwa huwa inazinduliwa kwa ngoma, na baada ya miezi sita imefunikwa turubai. Sababu ni zile zile. Injini ya farasi 15 ya mipigo miwili hula kama lita 6 kwa saa ukiifungulia. Saa mbili kwenda, mbili kurudi, lita 24. Weka theluthi ya akiba kwa upepo wa mbele, lita 32. Oili ni lita 1 kwa 50 za petroli kama kitabu cha injini kinavyosema. Fundi wa mwaloni akizidisha "ili ipoe", plagi zinalowa na inazimika katikati. Ndani ya boti lazima kuwe na plagi mbili, pini za propela, kamba ya kuwashia, chujio la mafuta, na maboya ya kila aliyemo, mgonjwa akiwemo. Vitu vya bei ndogo sana, lakini kwa kuwa havina kifungu kwenye bajeti, boti ya mamilioni inalala.

Usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, m-mama, ulioanza Shinyanga na Sengerema kabla ya kwenda nchi nzima, una jibu zuri kwa upande wa malipo: mtu anapiga 115 bure, dereva wa jamii aliyesajiliwa anaitwa, analipwa akimfikisha mgonjwa. Kinachokwama huku ni mtandao wa simu kwenye baadhi ya mialo na mtu wa kueleza kwa usahihi: miezi mingapi, damu kiasi gani, degedege lipo au halipo. Huyo ndiye mhudumu wa Kasia. Sasa ziwa likichafuka usiku, hakuna 115 itakayokuvusha. Wajawazito wenye hatari wahamie karibu na kituo kabla ya siku zao, wiki ya 36 au 37, kwenye nyumba ya mama ngojea, na wapate mahali pa kupikia. Nyumba hiyo ikikosa jiko, haikaliwi.

Baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 2018, rambirambi zilizobaki zilijenga majengo ya kituo cha afya cha Bwisya pale Ukara. Watu hutoa kwa ajili ya jengo, na haki yao. Sijawahi kuona harambee ya petroli.

Daftari

Swali lililobaki: kwenye mialo iliyo mwendo wa saa tatu kutoka zahanati, mhudumu aruhusiwe kupima malaria na kutoa dawa mseto?

Mkunga wa Buchosa

Kwa mialo ya mbali tu, na kwa masharti. Kipimo kisomwe dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, 15 au 20. Ukikisoma baada ya saa nzima mstari hafifu utakudanganya. Kiboksi cha kutupia sindano zilizotumika kirudi zahanati kikiwa robo tatu, si kimefurika. Dawa zisikae kwenye kibanda cha bati juani. Mtoto wa kilo 5 hadi 14 ni kidonge kimoja kwa dozi, mara sita kwa siku tatu, ya pili zikipita saa nane tangu ya kwanza, na ale kitu chenye mafuta. Anayedegedeka, asiyenyonya, anayetapika kila kitu: hakuna kukaa naye, ni boti. Na kipimo kikisema hana malaria asipewe dawa mseto "kwa usalama". Hapo ndipo wengi hushindwa, maana mama amesubiri na anataka dawa.

Nani atamkagua? Muuguzi wa zahanati, mara moja kwa mwezi, kwa kuhesabu vipimo vilivyotumika dhidi ya dozi zilizotoka. Yupo mmoja, hawezi. Wakiwa wawili, mmoja anabaki na mwingine anapanda mtumbwi.

Kasia

Naona unanirudisha kwenye muuguzi wa pili kwa mlango wa nyuma.

Basi napanga upya kwa kata ile ile: wahudumu 20 badala ya 40, nusu watoke mwaloni, na kinachobaki kiajiri muuguzi mkunga mmoja wa mkataba, mwenyeji. Mhasibu, lita 32 za Nahodha ziingie kifungu gani?

Mhasibu

Mpango wa kituo, kifungu cha rufaa, ziandikwe sasa hivi kabla kamati ya kituo haijakaa. Usiandike "mafuta" peke yake, itakatwa. Andika safari ngapi kwa mwezi, lita ngapi kwa safari, plagi na pini kwa jina. Na daftari la boti lisainiwe na watu wawili, nahodha na muuguzi.

Nahodha

Na huyo muuguzi wa pili mmempa chumba? Nyumba ya mtumishi pale ina vyumba viwili na kimoja kimejaa vyandarua.

Mkunga wa Buchosa

Vyandarua vigawiwe wiki hii. Mbalamwezi ni Alhamisi.