Nani aliiua Pangani: reli ya Moshi, au Pangani yenyewe?

Mwana wa Njoro
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mkwe Tanga, nikaona nisirudi Moshi kabla ya kufika Pangani. Nimekua nikiambiwa maji ya mifongo yetu, mifereji ya Wachaga, yanaishia huko, lakini nilikuwa sijapatia mguu. Nimerudi na huzuni. Boma la Mjerumani, nyumba ya forodha, majumba ya kando ya mto yenye milango ya nakshi: mengine paa limeshuka, mengine mti umeota katikati ya ukuta. Na huu mji ndio uliokuwa mlango wa Uchagani! Vitambaa vya merikani, shanga na masango (nyaya za shaba) vilipandia hapo, pembe za ndovu zikashukia hapo.

Hoja yangu ni hii. Pangani haikufa kifo chake, iliuliwa na reli. Mjerumani alianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, akafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na 1911 akaingia Moshi. Tangu hapo hakuna mzigo wa Kilimanjaro uliopita tena mtoni. Sasa nauliza: serikali itoe fedha za kuyakarabati majengo yale, au yaachwe yaanguke? Mimi nasema yakarabatiwe, na sisi wa huku tuwe wa kwanza kulipigia kelele jambo hili, kwa sababu tulifaidika. Sisi tulipata treni, wao wakabaki wanautazama mto.

Bint Bweni
Kaka, karibu tena Pangani siku nyingine, lakini sentensi yako ya mwisho imeniuma. "Wakabaki wanautazama mto." Nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto huo, na sasa ni mwaka wa kumi na moja niko Sakina, Arusha. Baba yangu hakuutazama mto, aliuvuka kila alfajiri kwenda kukata mkonge, akarudi jioni viganja vimechanika.

Na kwa kuwa umetaja 1893, mwaka huo huo Mjerumani mmoja, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ikafika hai 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, kwetu, wilaya ya Pangani. Mkonge wa nchi hii, ule ulioifanya Tanganyika iongoze duniani, ulianzia kwenye miche hiyo 62. Mashamba uliyoyapita njiani ukienda Tanga ni wajukuu wa Kikogwe. Huo ndio mji unaosema ulikaa kutazama.

Mzee wa Uru
Wanangu, nimefanya kazi reli miaka 27, naomba nisahihishe kwa upole. Mzigo wa Kilimanjaro haukuwahi kupita mtoni. Mto ule una maporomoko, chombo hakipandi. Ulipita kichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa kufuata bonde. Mtoni yalikuwa majahazi ya mdomoni na mashua za mashamba ya miwa.

La pili, kabla hata ya reli bandari yenyewe ilikuwa na kasoro. Mdomo wa Pangani una fungu la mchanga. Meli kubwa ilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwa mashua. Tanga ina ghuba yenye kina. Mhandisi yeyote angeanzia reli Tanga. Na hao Tanga nao hawakula raha muda mrefu: wakati wa Vita vya Kwanza Mwingereza alileta reli kutoka Voi, ikaja kuungana na yetu pale Kahe, na mizigo ya Moshi ikaanza kukimbilia Mombasa.

Fundi Pasua
Mnasifia milango ya nakshi. Aliyeibeba mbao ile nani? Aliyelima miwa ile nani? Mji ule ulijengwa na watumwa, na baadhi yao walitoka huku kwetu milimani, wakashuka na hiyo misafara mnayoililia. Sioni kwa nini kodi yangu ikarabati jumba la mtu aliyemnunua babu wa babu yangu. Liachwe lianguke. Hata huyo Abushiri aliyewaongoza watu wa pwani kumpiga Mjerumani, mnayemwita shujaa, alikuwa na watumwa, na alinyongwa kule Bagamoyo.

Bint Bweni
Hakunyongwa Bagamoyo. Alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Ukitaka kumtukana mtu, kwanza ujue amefia wapi.

Ndiyo, Abushiri bin Salim alikuwa na shamba la miwa na watumwa, sikatai. Lakini mwaka 1888 Sultani alipowakodisha Wajerumani pwani nzima, na Zelewski, mtu wa kampuni ya Kijerumani, akaja Pangani mwezi wa Agosti kupandisha bendera ya kampuni yake, waliosimama hawakuwa wenye mashamba peke yao. Walisimama wapagazi, wavuvi, watu wa bara waliokuja na misafara, na watumwa pia. Zelewski ndiye yule yule aliyekuja kuuawa Lugalo na Wahehe wa Mkwawa, Agosti 1891. Mnamkumbuka kwa Lugalo tu. Uchokozi wake aliuanzia kwetu.

Na nyie watu wa mlimani mnaojivunia Kibo, jueni Hans Meyer, Mjerumani aliyekuja kuupanda mlima huo, alikamatwa na watu wa Abushiri mwaka huo wa 1888, yeye na mwenzake Baumann, wakatiwa minyororo, wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Oktoba 1889 ndipo akafika kileleni. Historia ya mlima wenu ilipitia pingu za Pangani.

Fundi Pasua
Dada, sawa, Pangani, nimekosea mahali. Mtu sijamkosea. Hujanijibu habari ya babu zangu.

Kijana wa Ngarenaro
Mkuu Fundi, swali lako ni zuri ila umelielekeza upande mmoja. Mswahili wa Pangani hakupanda Kilimanjaro kukamata watu usiku. Alifika na vitambaa na bunduki, akapokewa na mwenye nchi. Mangi, yaani mtawala wa Wachaga, ndiye aliyekuwa akienda vitani dhidi ya jirani, akarudi na mateka na ng'ombe. Mateka waliuzwa. Rindi wa Moshi aliuza, Sina wa Kibosho aliuza. Kwa hiyo ukitaka majumba ya wauza watu yaanguke, anzieni huko kwenu juu.

Kibosho Juu
Wewe kijana wa Ngarenaro, chunga mdomo. Sina usimweke sentensi moja na Rindi. Mangi Sina aliijenga Kibosho kwa ngome ya mawe na akakataa bendera ya Mjerumani. Wissmann, huyo huyo aliyemmaliza Abushiri, ilibidi aje mwenyewe na jeshi na mizinga Februari 1891 ndipo Kibosho ikavunjika. Rindi alikuwa ameshatia saini mkataba na mjumbe wa Carl Peters, mwenye kampuni ile ya Kijerumani, tangu 1885. Mmoja alipigana, mmoja alikaribisha wageni. Hayo ndiyo ya kuandikwa.

Mama Kidia
Nilikuwa nasoma tu, nilitaka kujua habari za Pangani. Sasa nimechokozwa.

Baba Kibosho, Rindi alikuwa na akili ya kuishi na wenye nguvu, alizungukwa na maadui pande zote, wa kwanza akiwa huyo Sina wako. Na mtoto wa Rindi, Mangi Meli, mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani hapa Old Moshi, kamanda wao von Bülow akafa. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na wenzake. Inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo unakitafuta mpaka leo. Mjukuu wake aliomba mpaka uzee. Usituhesabie sisi saini ya 1885 ukaacha kuhesabu kitanzi cha 1900.

Kibosho Juu
Mama, Meli namheshimu, shikamoo kwake na kwako. Lakini nimesema Rindi, wewe umejibu Meli. Mwana hamtolei baba hesabu.

Mama Kidia
Marahaba. Na mjukuu wa Sina hamtolei babu hesabu ya watu wa Uru waliochomewa nyumba. Muulize Mzee wa Uru hapo juu.

Mzee wa Uru
Mimi msinitie. Mama yangu alitoka Kibosho, bibi alitoka Old Moshi. Nikianza kudai, nitajidai mwenyewe.

Mwana wa Njoro
Wakuu, turudi. Niliuliza majengo ya Pangani yakarabatiwe au la. Mpaka sasa aliyejibu ni Fundi peke yake.

Kijana wa Ngarenaro
Hujarudi bado, mkuu, kwa sababu swali lenyewe limebadilika. Siyo "likarabatiwe au lianguke". Ni "likikarabatiwa, ukutani paandikwe nini?" Ukienda Bagamoyo utaambiwa utumwa. Ukienda Pangani utaambiwa Mjerumani na milango. Jumba ni lile lile. Fundi akiingia pale akakuta maandishi yanayotaja waliolima miwa na waliobeba pembe kutoka Uchagani, na yanayosema mangi gani alipokea merikani na bunduki, je, bado angetaka lianguke?

Fundi Pasua
Kama maneno hayo yataandikwa, nitakwenda kuyasoma na wanangu. Lakini yaandikwe kabla ya rangi kupakwa. Nimefanya kazi ya ujenzi miaka mingi, najua fedha ikianza na rangi huishia kwenye rangi. Na ukuta wa mawe ya matumbawe haupigwi saruji. Unanyonya chumvi, saruji inaifungia ndani, baada ya mvua mbili plasta inabanduka na jiwe. Unatakiwa chokaa. Hili nalisema hata kama sitaki jengo lenyewe.

Bint Bweni
Fundi, asante kwa habari ya chokaa, na nakusamehe Bagamoyo.

Lakini mmesema chumvi, na hapo ndipo mimi nilipo. Mnaulizana nani aliiua Pangani kana kwamba imekwisha kufa. Kuna watu wanaishi pale. Reli ilichukua misafara miaka zaidi ya mia iliyopita, hilo limepita. Linaloendelea leo ni maji. Mto unaofika kwetu umepungua nguvu, bahari inaingia ndani. Wakati wa kiangazi maji ya chumvi yanapanda mtoni mbali kuliko zamani za bibi yangu. Minazi ya kando inakauka kuanzia kileleni. Mpunga waliolima wazee bondeni sasa haufai. Mama yangu ana shamba la minazi aliloachiwa na baba yake, anaokota nazi ndogo kama ngumi. Hakuna Mjerumani hapo. Maji yanazuiwa huku juu, kwenye Kikuletwa na Ruvu, mito ya huku inayoulisha Pangani, na nyinyi ndio mnaoyanywa.

Mkulima wa Kahe
Nimekaa kimya muda wote, sasa nimeguswa. Dada, nalima mpunga na vitunguu Kahe. Nina kibali cha maji na ninakilipia. Nikifungua mfereji siibi kitu cha mtu. Mifongo ya Wachaga ilikuwepo kabla Mjerumani hajaijua Pangani, na mto ulikuwa unafika baharini vizuri. Muulize bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa lini: miaka ya sitini. Kituo cha umeme cha Hale: 1964. Pangani Falls mpya: 1995, megawati 68. Hao ndio wameushika mto. Mkulima mwenye ekari mbili asitwishwe mzigo wa mabwawa.

Mzee wa Uru
Mwanangu, umeme haunywi maji. Maji yakishazungusha mashine pale Hale na Pangani Falls yanarudi mtoni yote. Bwawa ni jambo jingine: linatandaza maji juani yakapotea hewani, na linabadili majira ya mto, mafuriko yaliyokuwa yanaisukuma chumvi nje hayaji kama zamani. Lakini yale yanayoingia shambani kwako na kwangu hayarudi. Zamani mifongo ilikuwa na zamu na wazee wa mfongo, watu walikuwa wachache na migomba inavumilia. Leo kuna mpunga, kuna miwa, kuna maua, kuna mji wa Moshi na mji wa Arusha wenyewe. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi. Jina ni la kwenu, dada, meza iko kwetu.

Mkulima wa Kahe
Mzee, shikamoo. Sibishani na wewe kuhusu umeme. Lakini mimi nifanye nini? Nizibe mfereji watoto wasile, ili minazi ya Bweni inawiri?

Bint Bweni
Sijasema uzibe. Nimesema uje. Panda basi hadi Tanga, shuka Pangani, vuka mto mpaka Bweni. Njoo mwezi wa pili kabla ya masika. Nitamwambia mama akutekee maji mtoni kwa kata, uyaonje mwenyewe, halafu urudi Kahe ufungue mfereji wako kwa kiasi utakachoona. Utalala kwetu. Samaki wapo.

Mkulima wa Kahe
Mwezi wa pili nitakuwa kwenye kitalu. Niambie mwezi wa tisa kama inawezekana, na kama chumvi inaonekana wakati huo.

Bint Bweni
Mwezi wa tisa mvua za vuli hazijaanza, inaonekana vizuri. Nimekuandikia pembeni.

Mwana wa Njoro
Na mimi nakuja. Ile sentensi yangu nimeifuta, dada.

Kibosho Juu
Safari njema kwenu. Mimi bado namsubiri Mama Kidia anijibu jambo moja: wapiganaji walioongozana na Wissmann kuingia Kibosho Februari 1891, walitoka kwa mangi gani?